Mtunzi, Mwimbaji na Nafsi ya Wimbo: Santuri ya Nilsson Sings Newman

Mnamo Februari 1970 ilitolewa nchini Marekani santuri iliyoitwa Nilsson Sings Newman, yenye nyimbo kumi zilizotungwa zote na Randy Newman na kuimbwa na Harry Nilsson. Tendo la mwimbaji kuitoa santuri nzima kwa kazi ya mtunzi mmoja halikuwa geni. Tangu 1956 Ella Fitzgerald alikuwa ameimba kwa mfululizo tungo za Cole Porter, Irving Berlin, ndugu wawili Gershwin na wengineo. Hao, hata hivyo, walikuwa watunzi ambao sifa zao zilikwisha kuthibiti. Newman alikuwa kijana aliyezaliwa 1943, na santuri yake ya kwanza, ya 1968, ilikuwa imenunuliwa na watu wachache mno.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba Nilsson mwenyewe alikuwa mtunzi. Wimbo wake "One" ulilipatia sifa kundi la Three Dog Night mwaka 1969. Mwaka huo huo filamu ya Midnight Cowboy ilimpa jina kubwa kwa wimbo "Everybody's Talkin'", aliouimba yeye lakini uliotungwa na Fred Neil. Mfanyabiashara yeyote angalimshauri aharakishe kutoa tungo zake. Yeye akaiweka kalamu kando.

Sababu yafaa itafutwe katika tungo zenyewe. "Mimi" wa nyimbo za Newman si Newman; aghalabu ni mtu asiyejijua. Katika "Love Story" bwana anamposa mwanamke kwa kumchorea maisha yao yote, hadi uzeeni huko Florida, na ahadi hizo zenyewe zinafichua jinsi maisha hayo yalivyo finyu. Katika "So Long Dad" mwana anamzuru babake, na kumbe moyoni ameshaaga. Msemaji wa "Yellow Man" anawaeleza Wachina kwa uhakika wa mtu asiyewajua hata kidogo.

Newman anapoziimba mwenyewe, sauti yake ya kukwaruza, inayoburura maneno, humwonya msikilizaji asimwamini msemaji. Sauti ya Nilsson ni safi na tamu. Haitoi onyo lolote. Yawezekana kudai kwamba utamu huo unaifunika kejeli, na kuhusu "Yellow Man" dai hilo lina uzito. Lakini halifai kutumiwa kwa santuri nzima. Katika "So Long Dad" utamu ndio unaochoma: mwana anaamini kabisa kwamba yeye ni mwana mwema, na sauti inakubaliana naye. Mwenye kuuona ukatili ni msikilizaji peke yake. Hapo mwimbaji hakuipamba kazi ya mtunzi tu, bali aliifasiri upya.

Ala ni chache. Newman anapiga piano, naye Nilsson amerekodi sauti yake juu ya sauti yake mara nyingi, hata mtu mmoja akawa kwaya. Mahali pamoja maagizo yake kwa fundi wa mitambo yameachwa yasikike. Pengine ulikuwa mzaha, ila unakumbusha kwamba anayeimba si yule anayesema ndani ya wimbo.

Santuri hiyo haikuuzwa sana, ingawa jarida la Stereo Review liliitaja kuwa santuri ya mwaka. Mwaka 1972 Nilsson alifika kileleni mwa orodha ya Marekani kwa "Without You", wimbo wa Pete Ham na Tom Evans. Tungo za wenzake ziliendelea kumnufaisha kuliko zake. Alifariki 1994. Newman naye alipata umaarufu mkubwa kwa "Short People", wimbo wa 1977 unaowadhihaki wenye chuki kwa kusema kwa kinywa chao. Wengi walikasirika, wakidhani kwamba aliyesema hayo ni mtunzi. Safari hiyo aliyeimba alikuwa Newman mwenyewe, na mkwaruzo wa sauti yake haukutosha kuwaonya.