Pesa ya Mizani

Shaba hii ni pesa ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria (1882). Upande mmoja una jina lake kwa Kiarabu, wa pili mizani.

Kama ndiyo unaanza kukusanya sarafu, tazama kamba za mizani. Zikihesabika moja moja, sarafu haijachakaa sana. Zikiwa zimefutika, imepita mikono mingi sokoni na daraja lake hushuka.

Rangi yake ya hudhurungi si uchafu. Usiisugue kwa ndimu wala majivu! Ile ngozi iliyojengeka kwa zaidi ya miaka 100 ikibanduka, hairudi. Ishike ukingoni kwa mikono mikavu, na uikinge na unyevu wa bahari.