Kikomo Kilichouzwa: Osiloskopu ya Kidijitali Mikononi mwa Fundi wa Nyumbani

Makala haya yanachunguza tukio dogo katika historia ya vyombo vya kupimia, lenye uzito kwa yeyote anayeshauri juu ya ununuzi wa vifaa vya vyuo vya ufundi. Mwaka 2010, mafundi wa nyumbani walibainisha kwamba osiloskopu ya Rigol DS1052E, iliyouzwa kuwa ya megahezi 50, ilikuwa na sakiti zilezile za DS1102E ya megahezi 100. Tofauti ilikuwa katika programu ya ndani. Kwa amri chache kutoka kwenye kompyuta, jina la modeli lilibadilika na kikomo kikaondoka.

Je, kilichobadilika ni jina tu? Swali hilo liliwarudisha mafundi kwenye kanuni: 0.35 ikigawanywa kwa upana wa masafa hutoa muda wa kupanda kwa mawimbi. Megahezi 50 hutoa nanosekunde 7. Megahezi 100, nanosekunde 3.5. Ilihitajika mipigo inayopanda kwa kasi zaidi, na namna ya kuizalisha ilikwisha kuelezwa mwaka 1991 na Jim Williams wa Linear Technology, kwa transista ya 2N2369 isiyo na gharama kubwa. Kioo chenyewe kikatoa ushahidi.

Ugezi, yaani kulinganisha chombo na kigezo kinachojulikana, ulikuwa jambo gumu zaidi. Osiloskopu huachwa nusu saa ipate joto, probu hung'olewa, kisha chombo hujisahihisha. Lakini hujisahihisha kwa vigezo vyake vya ndani. Ni shahidi anayejitolea ushahidi mwenyewe.

Baadhi ya osiloskopu za Tektronix TDS za miaka ya 1990 zinaonesha udhaifu mwingine. Namba za ugezi zilihifadhiwa katika chipu ya kumbukumbu yenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani. Betri ikifa, namba hupotea, hata kama sakiti ni nzima. Fundi makini alinakili namba hizo kwanza, ndipo akang'oa chipu. (Aliyechelewa hakuweza kuazima za jirani, kwa kuwa kila chombo kina zake.) Kapasita zilizovuja nazo zilihitaji kubadilishwa kabla hazijala bodi.

Kwa maoni yetu, kumwita fundi huyu mwizi ni kurahisisha mno, ingawa kampuni ina haki ya kupanga bei. Suala zito zaidi ni mnyororo wa vipimo. Taasisi kama TBS na KEBS hutunza vigezo vya taifa, na cheti cha ugezi huwa na maana pale tu kipimo kinapoweza kufuatiliwa hadi kwenye vigezo hivyo. Osiloskopu iliyofunguliwa nyumbani inafaa kabisa kumfundishia mwanafunzi umbo la mawimbi. Maabara inayotoa vyeti haiwezi kuitegemea mpaka ipelekwe kulinganishwa, na gharama hiyo mara nyingi haimo katika bajeti ya ununuzi.