Vishikio vya Makabati ya Jikoni na Bafuni

Kishikio cha kabati, ambacho mafundi wengi hukiita hendeli, ni kipande cha madini, mbao, kauri, kioo au plastiki kinachofungwa kwenye mlango au droo ili mkono upate pa kuvuta. Mlango usio nacho huvutwa ukingoni, na ukingo huo ndio unaochakaa kwanza: vidole vyenye mafuta huuchafua, utepe wake huachia, maji hupenya na bodi huvimba. Pambo hili basi lina kazi. Hata hivyo wanunuzi wengi hulichagua mwishoni kabisa, kwa rangi tu, ilhali mambo mawili yasiyoonekana dukani ndiyo yenye uamuzi mkubwa: madini yaliyofichwa chini ya rangi, na umbali kati ya matundu ya skrubu.

Kwa umbo, kifundo hushikwa na skrubu moja, na fimbo hushikwa na mbili. Kikombe ni nusu bakuli lililoinamishwa, vidole huingia kwa chini; kinafaa kwenye droo, si kwenye mlango. Kishikio cha ukingoni hufungwa juu ya bodi au nyuma yake na kuacha mdomo mwembamba tu uonekane.

Historia yake ni ya viwanda kuliko ya majumba. Katika karne ya 18 mji wa Birmingham, Uingereza, ulikuwa kitovu cha vishikio vya shaba ya manjano, ambavyo wafanyabiashara walivinadi kwa vitabu vya michoro na kuvisafirisha hadi Amerika. Mwaka 1825 John P. Bakewell wa Pittsburgh alipata hataza ya kutengeneza vifundo vya kioo kwa kukandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu, na kitu kilichokuwa cha matajiri kikaanza kushuka bei. Upande wa Bahari ya Hindi, shaba ilikuwa imekwisha kupata makao yake kwenye samani: makasha ya njumu yanayojulikana kama ya Zanzibar, mengi yakiwa yametengenezwa India na kuletwa kwa majahazi, yana misumari na mabamba ya shaba, na mara nyingi safu ya droo ndogo chini zenye vishikio vya madini hayohayo. Hadi leo Moradabad, kaskazini mwa India, ni mji wa mafundi wa shaba, na Khurja iliyo jirani na Delhi ni mji wa wafinyanzi ambao vifundo vyao vya kauri vilivyochorwa maua huuzwa nchi nyingi.

Karne ya 20 ilileta jiko lililopangwa. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni Jiko la Frankfurt, ambamo sukari, mchele na dengu viliwekwa kwenye vidroo vya alumini vyenye mshikio upande mmoja na mdomo wa kumiminia upande wa pili, hivyo kidroo kikawa pia chombo cha kupakulia. Mwaka 1960 kampuni ya SieMatic ya Ujerumani ilitoa jiko la 6006, lisilo na vishikio vya kufungwa kabisa. Milango yake ilikuwa na mdomo wa kushikia uliojengwa ndani yake. Mtindo huo umerudi kwa nguvu miaka ya karibuni. Unapendeza kwenye picha, ila ule mfereji wa kuingiza vidole hukusanya unga na mafuta, na anayeusafisha kwa kawaida si yule aliyeuchagua.

Urithi mkubwa zaidi wa viwanda vya Ujerumani ni namba 32. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watengenezaji wa makabati yasiyo na fremu walianza kutoboa mbao kwa mashine zenye drili nyingi zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 32 kutoka moja hadi nyingine, na vifaa vyote vikafuata kipimo hicho. Ndiyo maana vishikio vingi vya fimbo vina umbali wa milimita 96, 128, 160, 192 au 320 kati ya katikati ya tundu moja na katikati ya jingine: zote zinagawanyika kwa 32. Namba hiyo ndiyo ya kuandika kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, wala si urefu wa fimbo nzima. Vishikio viwili vyenye urefu sawa vinaweza kuwa na matundu tofauti kabisa.

Marekani ni kisa kingine. Kipimo cha jadi huko ni inchi 3, yaani milimita 76.2, na inchi 5 ni milimita 127. Tofauti ya milimita moja na 128 inaonekana ndogo mpaka skrubu ya pili ikatae kuingia. Skrubu zenyewe hazilingani: za Ulaya na Asia kwa kawaida ni M4, zenye kipenyo cha milimita 4, na za Kimarekani zina kipenyo cha takribani milimita 4.17 na nyuzi zilizoachana zaidi. Anayeletewa vishikio na ndugu yake aliyeko Texas au Minnesota adai na skrubu zake.

Kuhusu madini, bei hueleza mengi kuliko lebo. Vishikio vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha vikapakwa nikeli au kromu, au rangi nyeusi au ya dhahabu. Zinki hufuata kalibu vizuri, na kwa chumba kikavu haina ubaya. Bafuni mambo hubadilika. Mvuke wa maji ya moto hupenya pale utando ulipokwaruzwa, zinki huanza kuliwa chini kwa chini, na juu hutokea malengelenge ambayo hakuna dawa ya kuyarudisha. Mjini Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya hewa huharakisha kazi hiyo hata jikoni.

Shaba ya manjano, aloi ya shaba na zinki, ni nzito na ghali zaidi, na hustahimili unyevu vizuri. Ikiachwa bila vanishi huiva rangi, ikawa ya kahawia pale isiposhikwa na kung'aa pale vidole vinapopita kila siku. Ina sifa nyingine: mwaka 2008 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilisajili aloi kadhaa zenye shaba nyingi kuwa nyuso zinazoua bakteria wa aina fulani ndani ya saa 2. Kuipaka vanishi ni kuiondolea faida hiyo.

Chuma cha pua ndicho chaguo la busara kwa mwambao. Daraja la 304 lina takribani asilimia 18 ya kromu na 8 ya nikeli, na linatosha majiko mengi. Daraja la 316 huongezewa molibdeni na hustahimili chumvi zaidi. Hata hivyo fimbo nyingi zinazoitwa chuma cha pua ni mabomba yenye uwazi ndani, na baadhi yana nguzo za madini mengine, na kutu huanzia kwenye nguzo.

Dukani vipo vipimo rahisi. Sumaku hung'ang'ania chuma cha kawaida, lakini haishiki shaba, zinki wala alumini, na 304 huivuta kidogo sana au haiivuti kabisa. Kisha mnunuzi achungulie ndani ya tundu la skrubu, ambako utando huwa haufiki vizuri: umanjano ni shaba, ukijivu ni zinki au alumini, na kati ya hizo mbili alumini ni nyepesi mno.

Mkono nao una haki yake. Kifundo kidogo hufinywa kwa ncha za vidole, kazi ngumu kwa mzee mwenye baridi yabisi au kwa mpishi mwenye mikono ya mafuta. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu watu wenye ulemavu vinataka sehemu za kushikwa zitumike kwa mkono mmoja, bila kufinya wala kusokota kifundo cha mkono, kwa nguvu isiyozidi paundi 5. Fimbo iliyopinda kama U hutimiza hilo, mradi vidole vinne viingie nyuma yake bila kukwaruza mlango. Ile ambayo ncha zake zimechomoza nje ya nguzo ni adui wa dera na kanga katika jiko jembamba. Yenye ncha zilizorudi kwenye mlango hainasi kitu.

Kwa ukubwa, wabunifu wengi huanza na theluthi moja ya upana wa droo, kisha hupunguza au kuongeza kwa jicho. Droo nzito ya sufuria hupewa fimbo moja ndefu. Vifundo viwili vilivyoachana humfanya mtu aivute kwa upande mmoja na kuipotosha kwenye reli zake.

Ufungaji unahitaji kigezo, hata kama ni kipande cha plaiwudi chenye matundu mawili, ili milango yote ifanane. Fundi hutoboa kutoka mbele huku amekaza kipande cha mbao nyuma ili bodi isichanike drili inapotokea. Skrubu ya milimita 25 kwa kawaida hutosha mlango wa milimita 18, lakini droo yenye uso wa pili huhitaji kama 45.

Wanaobadilisha vishikio vya zamani hukabiliwa na matundu yaliyokwisha kutobolewa. Njia rahisi ni kutafuta kipimo kilekile, au kishikio chenye bamba la nyuma la kuyafunika. Mlango wa kupakwa rangi unaweza kuzibwa, kupigwa msasa na kupakwa upya. Wa melamini hauzibiki bila kovu kuonekana.