Kiboko na "Did Not Went"

Katika maisha yangu ya ualimu nimesahihisha maelfu ya madaftari. Kama ningeulizwa ni kosa gani la Kiingereza nililolipigia mstari mwekundu mara nyingi kuliko yote, nisingesita kujibu. Ni "did not went". Mtoto anataka kusema kwamba baba yake hakwenda sokoni, anaandika: "My father did not went to the market." Mwalimu anakata "went", anaandika "go", na kesho yake mtoto yule yule analeta "did not bought". Sheria yenyewe hutoshea katika sentensi moja: baada ya "did not", "does not", "cannot" na wenzao, kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la msingi. Nimeieleza sheria hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Kujiuliza kwa nini haiwashiki watoto, hilo nilichelewa.

Mimi nilianza shule mwishoni mwa miaka ya 1950, hapa Mombo, chini ya milima ya Usambara, nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza ya Ulaya kufika huku. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Lushoto huko juu iliitwa Wilhelmstal. Mjerumani aliendesha sehemu kubwa ya utawala wake kwa Kiswahili, naye ndiye aliyetuachia neno "shule". Waingereza walipomtoa mwaka 1916, lugha ya wakubwa ikabadilika.

Tulipofika madarasa ya juu, tulifundishwa kwa Kiingereza. Tulijifunza kwa kuimba: "I go, I went, I did not go." Aliyeteleza alichapwa. Nami, kwa kuwa nilikuja kukijua Kiingereza, niliamini kwamba kiboko ndicho kilichonifundisha. Nilitoka chuo cha ualimu na imani hiyo.

Wakati huo mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Uamuzi huo niliuunga mkono, na mpaka leo nauunga mkono. Lakini sekondari ilibaki kwenye Kiingereza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na UPE ilipoanza mwaka 1977, madarasa yalifurika, na vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya haraka ili wawafundishe wadogo zao. Kiingereza kikawa somo la vipindi vichache kwa juma. Mtoto alikisikia darasani tu, tena kutoka kwa mwalimu ambaye huenda naye alikuwa akisema "did not went".

Mwaka 1978 nilikuwa na kijana mmoja wa darasa la saba, mtoto wa mkata mkonge. Alikuwa na akili kali ya hesabu. Siku moja nilimwita mbele na daftari lake, nikamchapa viboko vitatu kwa ajili ya "did not went". Alipokuwa akirudi kwenye dawati aligeuka akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, jambo lenyewe lilitokea jana. Mbona unaliandika kama la leo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwita tena, nikamwongeza kiboko cha nne kwa utovu wa nidhamu. Hakunyoosha mkono tena katika somo langu mpaka mwaka ulipokwisha.

Jibu nililipata miaka kadhaa baadaye, tena katika kipindi cha Kiswahili. Nilikuwa nafundisha ukanushi. Nikaandika ubaoni: alisoma, hakusoma, anasoma, hasomi, amesoma, hajasoma. Kisha nikaandika: alikuwa anasoma, hakuwa anasoma. Hapo nikasimama na chaki mkononi.

Tazama neno "hakusoma". Ukanushi umo ndani yake, na wakati uliopita umo ndani yake, katika ile "ku". Kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo yake yote mwilini mwake. Hata tunapokipa kitenzi kisaidizi, kama katika "hakuwa anasoma", kitenzi cha pili hakivuliwi nguo: bado kinaonyesha mtendaji, bado kinaonyesha wakati. Mtoto aliyelelewa katika lugha ya namna hii akikutana na "did not", huiona kama ile "ha" yetu ya kukanusha tu. Wakati uliopita atauweka anapojua panapostahili, yaani katika kitenzi chenyewe: "went". Anafuata sheria, ila ni sheria ya nyumbani.

Baadaye nikasoma jambo jingine lililonitia haya zaidi. Waingereza wenyewe zamani walikanusha kwa kuweka "not" baada ya kitenzi, na kitenzi kikabaki na wakati wake: "he went not". Huyu "did" aliingia katika sentensi zao za kukanusha polepole, hasa kati ya karne ya 15 na ya 17. Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na tena mwaka 1969, aliandika kwa njia zote mbili. Swali la kijana wangu lilikuwa la mtu mzima, nami nililijibu kwa fimbo.

Nikabadili ufundishaji. Pale stendi ya Mombo, mahali barabara ya Soni na Lushoto inapoachana na barabara kuu, watoto wameona wachukuzi tangu wakiwa wadogo. Nilimwita mwanafunzi mbele na mfuko ulioandikwa "jana", nikamwita "went". Kisha nikamleta mwenzake, "did", akaupokea mfuko. Nikauliza: mzigo ukishachukuliwa na mchukuzi, mwenye mzigo anatembeaje? Darasa zima likajibu: mikono mitupu! Basi "went" akarudi kuwa "go". Kosa halikutoweka, lakini lilipungua. Zaidi ya hayo, watoto walianza kuuliza maswali.

Makosa yangu hayakuwa yangu peke yangu. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kutumika hadi sekondari na juu zaidi, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona kuwa wengi wao hawakifahamu kiasi cha kusomea masomo mengine. Hata hivyo sera ya elimu ya mwaka 1995 ilikiacha Kiingereza palepale sekondari. Tuliwadai watoto mavuno ya shamba ambalo hatukulilima, na wasipoleta tuliwachapa.

Miaka michache iliyopita nilikutana na kijana yule pale stendi. Sasa ni mzee mwenye mvi, anasubiri basi na kikapu cha matunda ya Lushoto miguuni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Nikamwambia kwamba nina deni lake la siku nyingi, nikamweleza habari ya "did" na mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mwalimu," akasema, "hilo swali mimi silikumbuki. Fimbo nazikumbuka. Zilikuwa nne."

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wauza matunda. Akanishika mkono. Basi lake likafika, nami nikabaki nimesimama, nikifikiri habari ya madaftari yale maelfu.