Sera ya Japani kuhusu mashamba ya mpunga yaliyozidi mahitaji

MWAKA wa 1970, serikali ya Japani ilianza rasmi kuwalipa wakulima ili wapunguze kilimo cha mpunga, zao lililokuwa mhimili wa taifa hilo kwa karne nyingi. Sera hiyo, iitwayo gentan kwa Kijapani, ilizaliwa na bei. Chini ya sheria ya udhibiti wa chakula ya 1942, serikali ndiyo iliyonunua mchele, na katika miaka ya 1960 ikawa inawalipa wakulima zaidi ya ilivyowauzia raia. Mwaka wa 1967 mavuno yalipita tani milioni 14, ilhali walaji walikuwa wakigeukia mkate na nyama. Mwaka wa 1962, Mjapani mmoja alikula wastani wa kilo 118 za mchele. Kiasi hicho kimeshuka hadi chini ya nusu.

Walioumia mno ni wakulima wa kijiji cha Ogata, mkoani Akita. Ziwa Hachirogata, wakati huo la pili kwa ukubwa nchini humo, lilianza kukaushwa mwaka wa 1957 ili lizalishe mpunga. Walowezi hawakuwa wametulia walipoagizwa wapunguze zao lile lile lililowaleta. Baadhi walikaidi, na mvutano wao na serikali ukadumu miaka mingi.

Ruzuku zilitolewa kwa wanaopanda ngano, soya au lishe ya mifugo. Hata hivyo, shamba la mpunga hutengenezwa lishike maji, na mizizi ya ngano na soya huoza pasipochimbwa mitaro ya kuyatoa. Ndiposa serikali ikakazania mpunga wa kulisha kuku na ng'ombe, maana shamba hubaki lilivyo. Kuanzia 2014, ruzuku yake ilifikia yeni 105,000 kwa kila sehemu ya kumi ya hekta, kiasi kinachozidi mno bei ya mpunga huo sokoni.

Serikali iliacha kugawa viwango vya uzalishaji mwaka wa 2018, lakini ruzuku zikabaki. Kisha mchele ukaadimika: kati ya 2024 na 2025 bei madukani ilipanda maradufu, na akiba ya taifa ikafunguliwa. Agosti 2025, Waziri Mkuu Shigeru Ishiba alitangaza kwamba kilimo cha mpunga kingeongezwa. Serikali iliyomrithi Oktoba mwaka huo ilirejelea msimamo wa kulima kulingana na mahitaji.