Daktari, Mshale na Mama Yangu Mdogo

Haya wapendwa, leo naomba mnivumilie. Mada ni ya wanawake, mwandishi ni mwanamume ambaye hata kuoa bado, na najua wapo watakaouliza mambo haya yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu ya mama yangu mdogo.

Tulisafiri naye kutoka Dar kwenda Moshi msibani. Basi liliposimama Korogwe watu tukashuka kula, yeye hakugusa hata soda. Alikuwa amejifunga kanga mbili, zote za rangi nzito, na amegombea kiti cha karibu na mlango. Nikadhani ni majonzi tu. Baadaye dada yangu ndiye aliyenitoa tongotongo: tangu mama mdogo ajifungue mtoto wake wa mwisho, miaka 11 sasa, akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo ya maji, mkojo unamtoka. Ndiyo maana akisafiri hanywi kitu. Miaka yote hiyo aliamini kwamba uzazi ndivyo ulivyo.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikaanza kusoma. Nilichokikuta kinastahili kusimuliwa.

Mwaka 1948 daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake, Arnold Kegel wa Los Angeles, Marekani, alichapisha makala katika jarida la kitabibu. Wakati huo mwanamke aliyevujwa na mkojo akifika kwa daktari, jibu lililotegemewa lilikuwa kisu. Mwaka mmoja tu baadaye, 1949, madaktari watatu, Marshall, Marchetti na Krantz, walitangaza upasuaji wao wa kuinua shingo ya kibofu, nao ukatumika kwa miongo mingi. Kegel alikuja na hoja nyepesi: kama misuli imelegea, kwa nini tusianze kwa kuifanyisha mazoezi?

Ni misuli gani hiyo? Fikiria kitanda cha kamba. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi wa nyuma, nayo imebeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Kamba zikilegea, kitanda kinabonyea. Ujauzito na kujifungua huivuta misuli hii, wakati mwingine huichana. Mwanamke akikohoa, tumbo linasukuma kibofu, na kule chini hakuna kinachokaza mrija wa mkojo kwa wakati. Hapo ndipo mkojo unapotoroka.

Tuwe wakweli, Kegel hakuwa wa kwanza. Mwaka 1936 Mwingereza mmoja, Margaret Morris, mcheza dansi aliyesomea pia tiba ya viungo, alikwishatoa kitabu cha mazoezi ya wajawazito na ya waliofanyiwa upasuaji, na kubana na kulegeza misuli hii kumo. Lakini dunia ilishika jina la Kegel, na mpaka leo mazoezi haya huitwa kwa jina lake.

Sasa hapa ndipo niliposimama kusoma nikapiga meza. Kegel hakumwambia mgonjwa "nenda kabane" halafu akamfungulia mlango. Alitengeneza kifaa cha mpira kinachoingizwa ukeni, kimeunganishwa na saa ya kupimia presha. Mwanamke akibana sawasawa, mshale unapanda. Akikosea, mshale hautikisiki. Alitakiwa kufanya mazoezi dakika 20, mara tatu kwa siku, akiutazama mshale kwa macho yake. Yaani mwalimu alikuwemo ndani ya kifaa.

Miaka ikapita, jina likabaki, mshale ukasahauliwa. Zoezi likawa mstari mmoja kwenye kipeperushi. Matokeo yake? Mwaka 1991 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Richard Bump waliwapima wanawake 47 waliokuwa wameelekezwa kwa maneno tu. Waliobana ipasavyo walikuwa 49%. Na 25% walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuzidisha tatizo: badala ya kuvuta misuli juu, walisukuma chini. Mtu wa namna hiyo akija kusema mazoezi hayasaidii, utamlaumu?

Wakifundishwa vizuri, habari ni nyingine. Mwaka 1999 Kari Bø na wenzake wa Norway waliwagawa wanawake 107 wenye tatizo kama la mama mdogo katika makundi: mazoezi, umeme wa kuchochea misuli, vibebeo vizito vya kuwekwa ukeni, na wasiopewa tiba. Mazoezi yaliongoza. Mapitio ya tafiti 31 yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kwa wanaovujwa wakikohoa au kunyanyua kitu, 56% ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, dhidi ya 6% ya wasiofanya. Na Ufaransa bima ya taifa hulipia mafunzo ya misuli hii baada ya kujifungua.

Kwa wanaotaka kuanza: kaza kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, ukivuta juu na ndani. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, na pumzi usiizuie. Shikilia sekunde sita hadi nane, legeza, pumzika. Rudia mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, angalau miezi mitatu. Usifanye mazoezi ukiwa katikati ya kukojoa. Na ukiweza, mtaalamu wa tiba ya viungo au mkunga akuhakikishie kuwa unabana panapotakiwa.

Angalizo: mkojo ukitoka mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu. Tundu haliishi kwa mazoezi, linahitaji kushonwa. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula. Nenda mapema.

Mama mdogo yuko wiki ya saba sasa. Dada yangu alimpeleka kwa mtaalamu, na mara ya kwanza ikaonekana alikuwa akisukuma chini, kama wale wa mwaka 1991. Siku hizi anafanya maharage yakichemka jikoni. Hajapona, ila juzi alicheka kwa sauti mbele yetu bila kukimbilia uani.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika mwanangu, jina langu tu usitaje." Kisha akaniuliza swali ambalo bado sijamjibu: "Niliwakandwa maji ya moto, nikafungwa tumbo, nikapikiwa mtori. Wakunga wote wale, mbona hakuna aliyeniambia?"

Wenye mama, dada na wake, mwaulizeni. Tukutane tena panapo majaliwa.