Kipupwe Katika Nchi ya Mbozi na Tunduma

Neno kipupwe, kwa mtu wa pwani, lina maana ya ubaridi wa kupendeza baada ya masika. Kwa Wanyiha na Wanyamwanga si hivyo. Nchi yao upande huu wa mpaka, iliyotiwa katika Mkoa wa Songwe mwaka 2016, yainuka kupita futi 5,000 penye Tunduma, na mwezi wa Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki hupenya hata mifupani.

Katika karne ya 19 walijiweka tayari kwa nguo nzito ya pamba iliyofumwa kwa mkono. La kustaajabisha, pamba yenyewe haipendi baridi: ililimwa chini, katika joto la bonde la Rukwa. Basi aliyekaa juu alivikwa na jirani yake wa bondeni! Kusokota nyuzi na kufuma ni kazi ya siku nyingi, na guo moja lilikuwa mali.

Wamoravian walipoanza kazi Mbozi mwaka 1899, nguo za ng'ambo zilikuwa zikiingia, rahisi kupatikana, lakini nyepesi. Vitanda vya wafumi vikaachwa kidogo kidogo. Aliyekosa guo akabaki na moto wa kuni katikati ya nyumba, ambao moshi wake uliyalinda na mahindi darini yasiliwe na wadudu.